Kipima Sauti Kisichosikia Besi

"Mbona hicho kidude chako chasema kumetulia, mwanangu, na mimi kifua chanidunda kwa ngoma za watu?"

Aliyeuliza ni jirani yangu, mama wa makamo anayeuza mahamri na mbaazi mtaani kwetu Kisauni, Mombasa. Ilikuwa saa tano na nusu usiku, naye amesimama mlangoni mwa chumba chake, leso mabegani. Aliyeulizwa ni afisa wa mazingira, kijana mwenye adabu zake, aliyefika baada ya malalamiko ya miezi mitatu juu ya baa iliyo kama mita 150 kutoka hapo. Alikuwa amefunga madirisha, amezima feni, amesimama katikati ya chumba na kunyoosha mkono wenye kipima sauti. Kioo kiliandika 33. "Mama, sheria yasema 35 usiku," akajibu kwa upole. "Hawa wako ndani ya kiwango."

Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na hapo ndipo penye shida. Nimefunga mitambo ya muziki kwenye maharusi na mikutano kwa miaka mingi, na nimeshuhudia mabishano ya namna hii yakiisha kwa njia ile ile: mwenye kifaa anaondoka na namba, mwenye nyumba anabaki na ngoma, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba huyu mama ana roho mbaya na biashara ya wenziwe. Hana roho mbaya. Kifaa kilichotumiwa kumpima adha yake kimeundwa kwa makusudi kupuuza sauti ile ile inayomnyima usingizi.

Tuanze na namba zenyewe, maana desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, zinawapoteza hata watu waliosoma. Hazihesabiki kama kilo za sukari. Kila zinapoongezeka 10, nguvu ya sauti imezidishwa mara 10. Zikiongezeka 20, mara 100. Zikiongezeka 30, mara 1,000. Spika mbili zinazolingana zikiwaka pamoja hazitoi desibeli mara mbili ya spika moja, zinaongeza 3 tu. Kwa hiyo mwenye baa akikuambia kwamba amekuonea huruma, amezima nusu ya spika zake, amekupunguzia desibeli 3, na sikio lako halitaona tofauti ya maana. Ili masikio yahisi kwamba kelele imepungua kwa nusu, inabidi zishuke kama desibeli 10, yaani ibaki spika moja kati ya 10. Ndiyo sababu ahadi nyingi za "tumepunguza" hazisikiki mtaani. Hakuna aliyedanganya, ila kipimo chenyewe si cha kugawa kwa mbili.

Sasa tuje kwenye herufi ndogo iliyokuwa kwenye kioo cha afisa, mbele ya ile 33. Ilikuwa A.

Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara ya simu ya Bell huko Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha matokeo ya kazi ya subira kubwa. Waliwaweka watu vipokea sauti masikioni, wakawasikilizisha milio ya juu na ya chini, na kuwauliza ni lini mlio huu unaonekana sawa kwa ukubwa na ule wa mitetemo 1,000 kwa sekunde. Wakagundua kwamba sikio la binadamu halisikii kwa usawa. Sauti ikiwa ndogo, besi hupotea kabisa kabla ya sauti za kati. Sauti ikiwa kubwa, besi inarudi na kusimama karibu sawa na nyingine. Fundi yeyote wa mitambo anajua jambo hili kwa vitendo: ukishusha muziki usiku, cha kwanza kukosekana ni besi.

Miaka mitatu baadaye Marekani ikatoa kiwango cha vipima sauti, na ugunduzi ule ukaingizwa ndani ya kifaa kama chujio. Chujio A linaiga sikio linavyosikia sauti ndogo, za utulivu. Lengo lilikuwa litumike kwa sauti hizo, na kelele kubwa zipimwe kwa chujio jingine. Leo kipima sauti cha kawaida kina kitufe chenye A na C. Bonyeza A, na mtetemo wa 50 kwa sekunde, ambao ndio moyo wa sabufa, ile spika ya besi, unakatwa desibeli 30 kabla ya namba kutokea kwenye kioo. Wa 100 kwa sekunde unakatwa 19. Sauti ya mtu anayezungumza inapita karibu yote. Bonyeza C, na ule mtetemo wa 50 unakatwa moja na ushei tu.

Rudi kwenye hesabu ya juu uone desibeli 30 ni nini. Ni kugawa kwa 1,000. A ikisomwa peke yake, besi ya baa inaingia kwenye hesabu ya sheria ikiwa na nguvu ya sehemu moja katika elfu.

Mhandisi makini atanijibu, na jibu lake lina uzito. Atasema: chujio A liko sahihi kabisa chumbani kwa mama huyu, kwa sababu usiku, sauti ikiwa ndogo, sikio lenyewe halisikii besi. Kama A inaikata, ni kwa sababu sikio nalo linaikata. Ni hoja nzuri, na kwa sauti iliyochanganyika vizuri, kama shughuli za barabarani, nakubaliana nayo. Haitoshi kwa chumba cha kulala kilicho karibu na sabufa.

Kwanza, kwenye besi ngazi za kusikia zimebanana. Mtetemo wa 50 kwa sekunde unahitaji kama desibeli 44 ndipo sikio lenye afya liupate. Lakini ukishavuka hapo, sauti inakua haraka kuliko inavyokua kwenye milio ya kati; desibeli chache tu zinaitoa kutoka kusikika kwa mbali hadi kukaa kichwani. Pili, ukuta na paa vimekwisha kuchuja kila kitu kingine. Baani mtu anasikia wimbo mzima, na maneno na gitaa vinaifunika besi kidogo. Chumbani kwa jirani maneno yameishia ukutani, limebaki dum, dum, dum tupu, bila cha kulifunika, kwa mapigo yasiyokoma. Ubongo unaotaka kulala unaweza kuzoea uvumo wa feni kwa sababu haubadiliki. Mdundo unaamsha kwa kila pigo. Tatu, besi inaitikisa nyumba yenyewe. Kwa mama huyu vile vioo vya dirisha vilivyopangwa kama magamba ya samaki vilikuwa vikicheza kwenye fremu kwa kila pigo, na alikuwa amevichomeka vipande vya katoni ya unga, vilivyokunjwa mara nne nne, kimoja kila pengo. Vilikuwa 11. Mtu hafanyi kazi hiyo kwa kelele ya kujitungia.

Kwa nini ukuta uzuie maneno na uiache besi ipite? Ukuta unazuia sauti kwa uzito wake: sauti inausukuma, nao unakataa kutikisika. Kadiri mtetemo ulivyo wa haraka, ndivyo ukuta mzito unavyoshindwa kuufuata, na sauti inabaki nje. Mtetemo wa polepole unaupa ukuta muda wa kwenda nao. Kanuni ya wahandisi ni kwamba kila mara uzito wa ukuta ukizidishwa mara mbili, au kasi ya mtetemo ikizidishwa mara mbili, sauti inayopita inapungua kwa kama desibeli 6. Kutoka mitetemo 50 kwa sekunde hadi 3,200 kuna hatua sita za kuzidisha mara mbili, yaani tofauti ya kama desibeli 36 kati ya besi na sauti za juu. Na hapo nazungumzia ukuta wa tofali. Paa letu ni bati, ambalo kwa besi ni kama kitambaa, na nyumba nyingi za kupanga hazina dari, ukuta unaishia chini ya kenchi na juu yake hewa inatembea kutoka chumba hadi chumba. Nyumba hizi zilijengwa kupambana na joto, na kazi hiyo zinaifanya vizuri.

Hapa niseme jambo kuhusu tiba mbili ambazo wenye baa huzikimbilia, maana fedha za watu zinapotea bure.

Ya kwanza ni trei za mayai na sponji ukutani. Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza mwaka 1895 kuchunguza ukumbi mmoja wa mihadhara ambamo mwangwi uliyameza maneno ya mwalimu. Alifanya kazi usiku, mji ukiwa kimya, na bomba la kinanda na saa ya kupimia sekunde, akaazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani na kuihesabu inavyoingia mmoja mmoja. Aliona kwamba kila mto ulifupisha mwangwi. Jambo hilo ni kweli hadi leo: vitu laini vinanyonya mwangwi ndani ya chumba. Lakini kunyonya mwangwi ndani si kuizuia sauti isitoke nje. Sauti inazuiwa na uzito na mianya iliyozibwa. Trei ya yai haina uzito, haina unene wa kutosha kugusa besi, na ikishika moto inawaka upesi penye umati wa watu. Mwenye baa anayezibandika amejipatia chumba kinachosikika vizuri kidogo zaidi kwa wateja wake, na jirani hajapata kitu.

Ya pili ni kugeuza spika. Baa yetu waligeuza, zikatazama barabarani, na wakatuita tuone kwa macho yetu. Walifanya kwa nia njema. Ila wimbi la mtetemo wa 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, na boksi la sabufa halifiki hata mita moja. Wimbi kubwa kuliko chombo chake halina mbele wala nyuma, linaenea pande zote kama maji yanavyoenea ukitupa jiwe. Walichogeuza ni maneno ya nyimbo. Tena sabufa wameiweka chini, kwenye pembe ya kuta mbili, ambako sakafu na kuta hizo zinairudisha besi na kuiongeza nguvu. Kuitoa pembeni tu kungesaidia kuliko kugeuza spika zote. Na kungesaidia zaidi kukata besi kwenye mitambo yenyewe ikifika saa nne usiku, kazi ya kitufe kimoja ambayo haimgharimu mtu shilingi.

Umbali nao haututoi. Nje, sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Chukua sabufa inayotoa 105 ukiwa mita 3 kutoka kwayo. Kufika mita 150 imepoteza kama 34, imebaki 71 nje ya dirisha, kisha bati na mianya vinaondoa kidogo tu. Na usiku huwa kuna jingine: ardhi ikipoa kuliko hewa iliyo juu yake, sauti iliyokuwa ikipaa inapinda kurudi chini, ikatua mbali. Ndiyo maana disko usilolisikia magharibi unalisikia saa saba.

Basi nirudi chumbani. Nilimwomba afisa jambo moja: asogee kutoka katikati, ashike kifaa chake kwenye mto wa mama, kitanda kilipogusa ukuta. A ikapanda hadi 35, bado halali. Kisha nikamwomba abonyeze C. Ikasoma 62. Alirudi katikati ya chumba bila kuambiwa, C ikashuka hadi 56, akaenda tena kwenye mto, 62. Nilimwona akikitazama kifaa, kisha akimtazama mama.

Sababu yake ni vipimo vya chumba. Chumba cha futi 12 ni mita 3 na nukta 66, takriban nusu ya urefu wa wimbi la mtetemo wa 48 kwa sekunde. Besi ya karibu na hapo ikiingia, inagonga ukuta huu, inarudi kutoka ule, na mawimbi yanajazana kwenye kuta na kujifuta katikati. Mahali ambapo afisa husimama kwa kawaida, kwa heshima, ili asiguse kitanda cha mtu, ndipo penye besi ndogo kuliko kote. Mahali ambapo binadamu huweka kichwa ndipo penye kubwa.

Tofauti ya C na A pale kwenye mto ilikuwa 27. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele za makazi, lilisema wazi kwamba penye besi nyingi vipimo vya A havifai, na kwamba tofauti ya C na A ikizidi 10, sauti ichambuliwe kwa masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Mji wa New York ulilichukua jambo hili kwa uzito: sheria yake ya kelele iliyoanza kazi mwaka 2007 inaibana baa kwa A ndani ya nyumba ya jirani, 42, lakini haiishii hapo, inapima pia kila mkanda mwembamba wa masafa kuanzia 63 hadi 500, usipite desibeli 45, na ina sharti la C pia. Walielewa kwamba malalamiko ya muziki ni malalamiko ya besi.

Na sisi? Watu wengi wangetaraji niseme sheria yetu ni mbovu. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele na mitetemo, za mwaka 2009, zina jedwali la viwango, na kila mtu anakariri safu yake ya kwanza: ndani ya nyumba ya kuishi, 45 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza baada ya saa mbili. Lakini jedwali lile lina safu ya pili, iliyoandikwa NR. Usiku, ndani ya nyumba, NR ni 25. Hiyo si desibeli ya A. Ni mchoro wa kimataifa unaoigawa sauti katika mikanda na kuipa kila mkanda mpaka wake, besi ikiwemo. Kwa NR 25, mkanda wa 63, ambao unaubeba na ule mtetemo wa 50, hauruhusiwi kuvuka desibeli 55 bila chujio. Kwa makadirio yangu kutokana na ile C ya 62, baa ile ilikuwa imeuvuka kwa desibeli 7 au 8.

Nasema tena kwa sababu nataka lisomwe na kila anayeandika ripoti za namna hii: kwa safu ya kwanza baa ilikuwa halali, kwa safu ya pili, ya jedwali lile lile, kila dalili inaonyesha ilikuwa imevunja sheria. Hatuhitaji bunge jipya. Tunahitaji kifaa chenye uwezo wa kugawa mikanda, na mtu aliyefundishwa kukitumia, na mpaka kifike, basi C iandikwe pembeni ya A kila mara, na mahali kifaa kiliposhikwa paandikwe.

Kuna haki nyingine inayoumia hapa, nami nitaisema kwa heshima ya pande zote. Vile vipaza sauti vyenye umbo la tarumbeta, vya minarani na kwenye mikutano ya injili, havina uwezo wa kutoa besi. Sauti yao yote iko kati, mahali ambapo chujio A halikati kitu. Kwa hiyo tukipima mtaa mzima kwa A peke yake, mwadhini na mhubiri watapimwa kwa ukamilifu wao, na sabufa itapimwa kwa sehemu moja ya elfu. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya kila mmoja kati yao, lakini mizani iwe moja.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama simu inaweza kupima. Inaweza kukuonyesha mwelekeo, leo kuliko jana. Haifai kwa ugomvi wa besi, kwani maikrofoni ya simu na programu zake vimetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu, na nyingi huikata besi kwa makusudi ili upepo usiharibu mazungumzo. Ukiiweka mbele ya sabufa itakusaliti kama A, pengine zaidi. Bora uandike saa, tarehe, ulikuwa sehemu gani ya chumba, na kitu gani kilikuwa kinatetema. Glasi ya maji iliyojaa, ikiwekwa juu ya meza na maji yakafanya duara kwa kila pigo, ni ushahidi ambao afisa anauona kwa macho yake bila kubonyeza kitufe.

Fomu ya afisa ilikuwa na kisanduku kimoja cha namba. Aliandika 35, akasita, kisha pembeni, nje ya mstari, akaandika kwa herufi ndogo: C 62, kwenye mto. Akatia sahihi. Sijui huko ofisini watalisomaje, ila niliona vizuri kwamba aliandika.

Siku ya pili tulikisukuma kitanda cha mama, mimi na mwanawe, kikakaa katikati ya chumba, kichwa mbali na kuta zote. Anasema kumekuwa na nafuu, si kubwa. Meza ya kukandia unga imebidi itolewe ukumbini, na saa tisa usiku, anapoamka kukata mahamri, inamlazimu akizunguke kitanda gizani kulifikia karai.